Kocha Si Mganga: Klabu Itimize Wajibu Wake

Katika kandanda la Tanzania hakuna habari inayopokewa kwa shangwe kubwa kuliko habari ya kuajiriwa kwa kocha mwenye jina. Magazeti huandika, redio hutangaza, wanachama hufurika uwanja wa ndege kumlaki, na mgeni huvishwa skafu ya klabu kabla hajautua mzigo wake. Siku hiyo kila mtu huuliza kocha huyo ametwaa vikombe vingapi huko atokako. Ni wachache wanaouliza swali lililo kubwa zaidi: je, klabu iliyomwajiri imejiandaa kumsaidia, au imejiandaa kumlaumu tu?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wananchi wa Masasi na Newala. Ndanda, wilayani Masasi, chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, ndiko lilikotoka jina la klabu iliyopanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara mwaka 2014 na kuufanya Uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara kuwa ngome yake. Klabu hiyo ilianza kwa kishindo. Septemba 2014, katika mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu, iliifunga Stand United mabao 4–1 huko Shinyanga. Kwa misimu sita mfululizo walimu na watumishi wa Masasi, Newala na Tandahimba waliweza kuteremka Mtwara kuziona Simba, Yanga na Azam zikitokwa jasho mbele ya timu ya Kusini. Mwaka 2020 Ndanda ilishuka daraja, na Mkoa wa Mtwara ukabaki bila klabu katika Ligi Kuu.

Msimu huohuo wa 2019/20 jirani yao wa Mkoa wa Lindi alikuwa akipanda ngazi. Namungo ya Ruangwa, iliyokuwa ndiyo kwanza imeingia Ligi Kuu, ilimaliza katika nafasi ya 4 chini ya kocha Hitimana Thierry. Ilifika pia fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Sumbawanga Agosti 2020, ikafungwa na Simba mabao 2–1. Kwa kuwa Simba ilikuwa imetwaa na ubingwa wa Ligi, Namungo ilipata nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Februari 2021 iliing'oa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7–5 na kuingia hatua ya makundi. Klabu kutoka wilaya ya wakulima wa korosho na ufuta ikasimama katika kundi moja na Raja ya Casablanca na Pyramids ya Misri.

Hata hivyo, kocha aliyeipatia klabu hiyo tiketi ya Afrika hakuwapo tena. Namungo ilikuwa imekwisha kuachana naye, na kazi ilikuwa mikononi mwa Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco. Katika makundi Namungo ilipoteza michezo yake yote. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba Hitimana angeleta matokeo mengine mbele ya vigogo wale, wala si haki kumlaumu aliyempokea. Lakini yafaa ieleweke kwamba kubadili mwalimu katikati ya safari ngumu kuliko zote katika historia ya klabu si jambo dogo. Ni sawa na kumbadili nahodha wa jahazi wakati wimbi limekwisha kuinuka.

Oktoba 2024 Namungo ilimwajiri Juma Mgunda, na swali likarudi palepale. Mgunda ni miongoni mwa makocha wa Kitanzania wenye heshima kubwa. Alitoka Coastal Union ya Tanga, na Septemba 2022 Simba ilimwita kuishika timu iliyokuwa imeachwa ghafla bila kocha. Aliiongoza hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 Simba ikamleta kocha wa kigeni juu yake. Aprili 2024, kocha mwingine wa kigeni alipoondoka, ni Mgunda huyohuyo aliyeitwa tena kuzima moto. Mtu wa namna hii alipokwenda Ruangwa, kila mpenda kabumbu wa Kusini alifurahi. Lakini furaha ya kumpata kocha na uwezo wa kumtumia kocha ni mambo mawili mbalimbali.

Basi kumuunga mkono kocha maana yake nini? Walimu wa shule wanalielewa jambo hili kuliko watu wengine. Mwalimu mkuu hodari anapopelekwa katika shule iliyokuwa ikishika mkia, wazazi husema sasa mambo yatakuwa mazuri. Akifika akakuta madawati hayatoshi, vitabu hakuna, walimu wa hesabu na sayansi hawapo, na kamati ya shule ndiyo inayoamua nani afundishe darasa gani, sifa zake zote alizotoka nazo haziwezi kumsaidia. Akihamishwa kabla wanafunzi aliowaanza hawajafanya mtihani wao wa mwisho, hakuna atakayejua kama kazi yake ilikuwa nzuri au mbaya. Na mwalimu mkuu atakayemfuata ataanza upya kutoka mwanzo.

Kocha wa mpira naye ni mwalimu, na ndivyo wachezaji wanavyomwita. Mahitaji yake ya msingi ni matatu. La kwanza ni muda wa kutosha kuijenga timu. La pili ni madaraka kamili juu ya upangaji wa kikosi, mazoezi na usajili. La tatu ni uhakika wa mahitaji ya timu: mishahara ya wachezaji, chakula, malazi na usafiri. Klabu inayotoa hayo matatu imemuunga mkono kocha wake hata kama viongozi wake hawampigii makofi hadharani. Klabu isiyotoa hata moja imemtupa, hata kama picha yake imebandikwa katika kila ukuta wa mji.

Historia ya karibu ya nchi hii inatoa mifano iliyo wazi. Mwaka 2006 Marcio Maximo wa Brazil aliajiriwa kuifundisha Taifa Stars, na Serikali ya Awamu ya Nne ikabeba gharama ya mshahara wake. Alikaa miaka minne. Katika kipindi hicho alilaumiwa mara nyingi, hasa kwa kutomwita kipa Juma Kaseja ambaye umma ulimtaka. Kelele zilikuwa kubwa, lakini aliachiwa uamuzi wake, na hata George Mkuchika wa Newala aliposhika Wizara ya Habari, Utamaduni na Michezo mwaka 2008, kocha huyo aliendelea na kazi. Maximo hakuipeleka Tanzania katika fainali za Mataifa ya Afrika. Lakini aliipeleka katika fainali za kwanza za wachezaji wa ndani, CHAN, huko Ivory Coast mwaka 2009, na Stars ikawafunga wenyeji bao 1–0. Aliporudi nchini katikati ya mwaka 2014 kuifundisha Yanga, mtu alikuwa yuleyule, na shangwe ya kumpokea ilikuwa kubwa pengine kuliko ile ya kwanza. Desemba ya mwaka uleule Yanga ilifungwa na Simba mabao 2–0, na Maximo akaondolewa. Nyumba moja ilimvumilia miaka minne na nyumba nyingine haikumvumilia hata miezi saba. Kilichotofautiana ni nyumba.

Yanga iliyomwondoa Maximo ndiyo ileile iliyotoa mfano mwema miaka michache baadaye. Nasreddine Nabi kutoka Tunisia aliajiriwa Aprili 2021. Mchezo wake wa kwanza ulimalizika kwa kufungwa na Azam, na msimu ule ubingwa ulikwenda Simba. Kwa desturi ya zamani siku zake zingekuwa zimehesabiwa. Safari hii uongozi ulimwacha afanye kazi na ukasajili wachezaji wa kumfaa. Msimu wa 2021/22 Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja wa Ligi. Msimu uliofuata ilitwaa tena ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria, ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini baada ya matokeo ya jumla ya 2–2. Lau Yanga ingemfukuza Nabi katikati ya mwaka 2021, fainali ile ya mwaka 2023 ingebaki ndoto.

Kocha aliyeinyima Yanga kombe lile alikuwa Abdelhak Benchikha wa Algeria. Novemba 2023 Simba ilimwajiri kocha huyo, akiwa bado anang'ara kwa kutwaa pia Kombe la Super la Afrika mbele ya Al Ahly. Kwa jina na kwa vikombe, ni shida kumtaja kocha aliyepata kuja nchini akiwa katika kilele kama chake. Simba ilimpokea ikiwa imetoka kufungwa na Yanga mabao 5–1, na ikamchukulia kama dawa ya jeraha lile. Aprili 2024 Benchikha aliondoka kwa kutaja sababu za kifamilia, baada ya takriban miezi mitano. Hapana sababu ya kumtilia shaka mtu anayetaja familia yake. Lakini ukweli unabaki kwamba yeye alikuwa mmoja katika msururu mrefu. Patrick Aussems aliondolewa Novemba 2019, mwaka uleule alioifikisha Simba robo fainali ya Afrika. Baada yake walipita Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki na Roberto Oliveira, na baada ya Benchikha wakaja Fadlu Davids na Dimitar Pantev, yote hayo kabla mwaka 2025 haujakwisha. Baadhi yao walifukuzwa na wengine walijiondokea wenyewe kwenda kwenye maslahi zaidi. Kwa vyovyote vile, klabu inayobadilisha walimu kwa kasi hiyo hujikuta kila mwaka ina wachezaji waliosajiliwa kwa mawazo ya mtu ambaye hayupo tena.

Mfano wa Singida United unapaswa kuwagusa zaidi watu wa Kusini, maana unafanana zaidi na hali yao. Klabu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 na ikamwajiri Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyekuwa ameipa Yanga ubingwa. Msimu wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, na Juni 2018 Singida ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3–2. Kisha Pluijm akaenda Azam. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 2020, Singida United ilishuka daraja pamoja na Ndanda. Moja ilikuwa imeajiri jina kubwa na nyingine haikupata kuwa na jina la namna hiyo, lakini zote mbili ziliishia shimo moja. Ni dhahiri kwamba jina la kocha peke yake halikuwa kinga.

Hapana budi hapa kutazama suala la fedha, maana ndilo linaloziangusha klabu za mikoani. Uchumi wa Masasi na Newala unategemea korosho. Minada ya korosho huanza Oktoba, na fedha humfikia mkulima kwa miezi michache tu. Wakati huo maduka hujaa, pikipiki mpya huonekana barabarani, na michango ya klabu hupatikana kwa urahisi. Ifikapo Machi na Aprili mkulima anatafuta fedha ya kuhudumia mikorosho yake, na hana cha kuitolea klabu. Lakini Ligi haifuati msimu wa korosho. Mchezaji anahitaji mshahara wake Machi kama alivyouhitaji Novemba, na mwisho wa msimu, wakati mifuko ya washabiki ni mitupu, ndipo michezo ya kuamua nani ashuke inapochezwa. Klabu inayoishi kwa michango ya msimu humpa kocha timu yenye nguvu mwanzoni na timu yenye njaa mwishoni. Kisha, timu ikifungwa, kocha ndiye anayefukuzwa.

Umbali nao ni gharama. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ina urefu wa kilometa 210, na huo ni mwendo wa ndani ya mkoa mmoja tu. Timu ya Kusini inayokwenda kucheza Bukoba, Kigoma au Mwanza huvuka nchi nzima. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu ilikuwa na timu 20 na haikuwa na mdhamini mkuu, na klabu ndogo zilibeba mzigo wa safari hizo karibu peke yake. Kocha awe bingwa kiasi gani, hawezi kumfundisha mchezaji aliyelala ndani ya basi usiku kucha na ambaye mkewe amempigia simu kudai kodi ya nyumba.

Suala la pili ni madaraka. Kuna ugonjwa wa siku nyingi katika klabu za nchi hii, nao ni wa kila kiongozi kujiona kocha. Katibu ana mchezaji wake, mfadhili ana wake, na wazee wa klabu wanao wao. Siku ya mchezo kikosi hupangwa mezani na watu ambao hawakuonekana mazoezini hata siku moja. Hali kadhalika, wapo wanaotenga fedha kwa ajili ya kile kinachoitwa kwa jina la heshima "kamati ya ufundi", ambayo kazi yake kila mtu anaijua ingawa hakuna anayeitaja katika taarifa ya mapato na matumizi. Fedha hizo hutolewa taslimu na kwa wakati, huku mishahara ya wachezaji ikicheleweshwa. Timu ikishinda, ushindi huhesabiwa kuwa wa kamati hiyo. Ikifungwa, kocha ndiye asiyejua mpira. Uwanda wa Makonde umelea mabingwa wa kuchonga vinyago wanaosifiwa duniani, na kila mtu huko anajua kwamba mchongaji akishikwa mkono na watazamaji, gogo la mpingo huharibika. Jambo linaloeleweka hivyo kwa mchongaji halina sababu ya kusahauliwa linapomhusu kocha.

Wapo watakaosema kwamba uvumilivu ni anasa ya matajiri, na kwamba klabu inayokaribia kushuka daraja haiwezi kungoja miaka mitatu. Watasema pia kwamba Yanga yenyewe, katika msimu mmoja wa 2024/25, ilimwondoa Miguel Gamondi, ikamleta Sead Ramovic, ikamalizia na Miloud Hamdi, na bado ikatwaa ubingwa. Hoja hiyo ni ya haki na inastahili kujibiwa. Yanga iliweza kubadilisha makocha watatu kwa sababu kila kitu kingine kilibaki mahali pake: wachezaji walewale, ofisi ileile, na uongozi uleule. Nyumba yenye msingi imara inaweza kubadilisha paa na wenyeji wakaendelea kulala. Klabu ya mkoani ambayo kocha ndiye msingi wenyewe, ndiye anayetafuta wachezaji, anayewaombea nauli na kuwapatanisha na mwenye nyumba, ikimwondoa kocha huyo inabaki uwanjani bila kitu.

Wala kumuunga mkono kocha si kumfanya mfalme. Kocha mvivu, mlevi au anayechukua rushwa ya usajili aondolewe hata kama ana wiki mbili kazini. Kocha anayeshindwa apimwe. Lakini apimwe kwa vipimo vilivyowekwa siku ya kutia saini mkataba, si kwa hasira ya Jumapili jioni. Kama klabu imekubaliana naye kwamba mwaka wa kwanza lengo ni kubaki katika Ligi, basi nafasi ya 10 si aibu. Kama imemwahidi wachezaji wanane na ikamletea wawili, basi na klabu nayo ipimwe kwa ahadi hiyo. Mkataba ni wa pande mbili. Inashangaza kwamba katika mikutano ya wanachama huulizwa sana kocha amefanya nini, na ni nadra kuulizwa uongozi umemtimizia nini.

Hapa ndipo wajibu wa watumishi na walimu unapojitokeza. Katika Masasi na Newala, wao ndio wanaosoma katiba ya klabu na kuielewa, ndio wanaoweza kukagua hesabu, na ndio wanaochaguliwa kuwa makatibu na watunza hazina wa matawi na vyama vya michezo vya wilaya. Wengi wao ni wanachama wa Simba na Yanga kwa moyo, na washabiki wa klabu za nyumbani kwa nafasi. Si kosa kuzipenda klabu za Dar es Salaam. Lakini mtumishi anayelipa ada yake Simba au Yanga kila mwaka na hajapata kuhudhuria hata mkutano mmoja wa klabu ya wilaya yake, hana haki ya kulalamika kwamba Kusini haina timu.

Mambo ya kudai si mengi, na yote yanawezekana. Mkataba wa kocha useme wazi nani anapanga kikosi na nani anaidhinisha usajili. Fedha zinazopatikana msimu wa korosho ziwekwe benki na zigawanywe kwa miezi yote ya Ligi, kwa utaratibu uleule ambao mtumishi mwenye busara huutumia kwa mshahara wake. Vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, pamoja na halmashauri za wilaya, viombwe mchango ulio katika bajeti na unaojulikana mapema, si mchango wa dharura unaopitishwa timu ikiwa imekwama njiani. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wanachama kila mwaka, na ndani yake isomwe pia orodha ya ahadi alizopewa kocha na zile zilizotimizwa.

Walimu wanayo kazi nyingine ambayo hakuna wa kuifanya isipokuwa wao. Kocha mpya akifika, hulalamika kwamba vijana wa hapa wana vipaji lakini hawakufundishwa mambo ya awali: kuupokea mpira, kutoa pasi kwa miguu yote miwili, kujua mahali pa kusimama. Mambo hayo hayafundishwi mtu akiwa na miaka 23. Hufundishwa shuleni. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ndiyo shamba la mbegu, na Mtwara yenyewe imepata kuwa mwenyeji wa mashindano hayo kitaifa. Shule yenye kiwanja kilichofyekwa, mipira mitano na mwalimu mmoja anayefuatilia mazoezi jioni inamsaidia kocha wa klabu ya mkoa kuliko hotuba kumi za kumkaribisha. Klabu inayochota wachezaji wake kutoka Ndanda, Chiungutwa, Kitangari na Mnyambe haitalazimika kila Julai kununua kikosi kizima kutoka mbali kwa fedha ambazo haina.

Wakulima wa uwanda wa Makonde hawahitaji kufundishwa subira. Mche wa mkorosho huanza kuzaa kama mwaka wa tatu, na huchukua miaka zaidi kufikia uzao wake kamili. Katika miaka hiyo ya kungoja mkulima hakai bure. Anapalilia, anapogoa, anapulizia salfa ubwiri unga usile maua. Hang'oi mche mwaka wa pili kwa sababu jirani yake amevuna. Wala hauachi porini akitegemea kwamba kwa kuwa mbegu ilitoka kituo cha utafiti cha Naliendele, basi itazaa yenyewe. Anaingoja huku akiitunza, na hivyo ndivyo klabu inavyotakiwa kufanya kwa kocha wake.

Ndanda ilipopanda mwaka 2014 wananchi walishangilia, na iliposhuka mwaka 2020 walisikitika. Kati ya siku hizo mbili palikuwa na miaka sita ya kuuliza maswali katika mikutano ya wanachama. Itakapofika siku ya klabu ya Mtwara kurudi Ligi Kuu, au siku ya Namungo kumtangaza kocha mwingine mwenye jina, watu wasiishie kuuliza kocha huyo ametwaa vikombe vingapi. Wasimame, waombe mkataba usomwe, na waulize mshahara wa wachezaji wa mwezi Machi utatoka wapi. Uongozi utakaoweza kujibu hayo utakuwa tayari kumpokea kocha wa aina yoyote. Ule utakaoshindwa kujibu usimwite mtu kutoka mbali aje kubeba lawama zake.